Mbizi ya mtungi kutoka kwenye boti unayolala: mwongozo kamili kwa maji ya Mikindani na Mtwara

Tangu nianze kuishi botini hapa Mikindani, kuna swali moja, "Nilikosea wapi?", linanifuata kwa sura tatu. Wa kwanza husema: "Niliibuka nikaona boti iko kule, nikaogelea mpaka nikataka kutapika." Wa pili: "Hewa iliisha nikiwa bado mwambani, na mtungi si ulikuwa umejaa?" Wa tatu ndiye anayenitisha: "Tulishuka wote wawili. Tuliporudi juu, boti haikuwepo tulipoiacha."

Wote watatu wana vyeti na kupumua chini ya maji wanakujua. Walikosea kabla hata hawajavaa mapezi, kwa sababu hawakuhesabu maji na nanga waliitupa tu. Ukienda kuzamia na watu wa biashara hiyo, kazi hizo anazifanya nahodha huku wewe umekaa benchi unakunywa soda. Kwenye boti ambayo ndiyo jiko lako na kitanda chako, nahodha ni wewe.

Nimeandika kwa ajili ya mwenye cheti cha kuzamia na boti ya tanga ya mita 9 hadi 13 hivi. Kama huna cheti, tafuta mwalimu kwanza, ndipo urudi hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

Vya boti:

- Nanga kuu na mnyororo wa kutosha. Kwa pwani hii usije na chini ya mita 50, na ukiwa na kamba ya kuunganishia ni bora zaidi.
- Boya dogo la kufunga kwenye nanga, ili ujue ilipo na uweze kuing'oa kwa nyuma ikinasa.
- Kamba ya kuelea ya mita 40 hadi 50, yenye dumu tupu la lita 5 mwishoni. Hii tutaifunga kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote hapa na ndicho ninachokithamini zaidi.
- Kidau chenye mashine inayowaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili. Mashine ya kubembeleza haifai kwa kazi hii.
- Ngazi inayoingia majini angalau hatua tatu.
- Redio ya VHF, ikisikiliza chaneli 16, ile ya wito na dharura.
- Bendera ya mzamiaji, ile ya nyeupe na buluu yenye mkato wa pembe.
- Mtungi wa oksijeni wa huduma ya kwanza na barakoa yake.

Vya mzamiaji: mtungi, regyuleta (kifaa cha kupumulia) yenye mdomo wa akiba, jaketi la kuelea, geji ya kuonyesha hewa iliyobaki, kompyuta ya mbizi au saa na kipima kina, mkanda wa risasi (vipande vizito vya kukuzamisha), miwani, mapezi, kisu kidogo cha kukatia nyavu, filimbi, na boya refu la rangi ya chungwa unalolipuliza ukiwa majini. Suti nyembamba inatosha. Maji yetu ni ya moto, lakini matumbawe yanakwaruza na viwavi vya baharini vinawasha.

Vya nyumbani: beseni kubwa, madumu ya maji baridi, jedwali la maji la mwaka, kalamu na daftari. Ukiwa na haya yote, nenda hatua ya kwanza siku moja kabla ya mbizi.

## Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kuhesabu hewa

Hapa ndipo wengi wanapofelia, kwa hiyo tukae kidogo.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Maji yote hayo yanaingia na kutoka ghubani ndani ya saa sita, na kwenye milango myembamba yanakuwa mto. Mapezi hayashindani na mto.

Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na mkondo unatulia. Mbizi zako za mwanzo ziwe hapo.

Wavuvi wa hapa hawabebi jedwali, wanahesabu mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Siku tano baadaye umeongeza saa 4 na dakika 10, maana yake maji yatajaa kama saa mbili na dakika kumi asubuhi. Siku saba baadaye, karibu saa nne.

Ona basi bahati tuliyopewa: siku za maji mafu, maji yanajaa asubuhi, kabla upepo haujapanda. Mkondo mdogo, maji safi yaliyotoka nje baharini, na bahari bado imelala. Mimi kalenda yangu naipanga kwa siku hizo, mengine yanangoja.

Hii ni hesabu ya vidole. Dakika 50 ni wastani tu, siku nyingine ni chache na siku nyingine ni nyingi, kwa hiyo thibitisha kwa jedwali. Kisha ingia majini kama nusu saa kabla ya maji kujaa kabisa, ili utulivu ukukute chini.

Usizamie maji yanapotoka kwa nguvu. Kwanza yanakusukuma kuelekea nje, upande ambao hakuna wa kukuokota. Pili yanabeba tope la mikokoni, hata mkono wako unauona kwa shida.

Kuhusu majira: kusi hutushika kuanzia kama Aprili au Mei hadi Septemba, na mchana huchafua bahari. Kaskazi huja kuanzia Novemba hadi Machi, na huku kwetu mvua huanza ndani yake, mito inamwaga tope. Katikati ya pepo hizo mbili, Septemba mwishoni hadi Novemba, ndipo bahari inapokuwa kioo. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe kila asubuhi bila kujali mwezi. Ule msemo wa vijiweni kwamba vimbunga ni vya Msumbiji tu uliishia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu.

Kabla ya kulala, daftarini pawe na mistari mitatu: saa ya maji kujaa, saa ya kuingia majini, saa ya mwisho ya kuwa nje. Kama huwezi kuijaza mistari hiyo, kesho huzamii.

## Hatua ya 2: Chagua chini ya bahari, si juu

Watu huchagua mahali kwa uzuri wa ufukwe. Wewe chagua kwa kilichopo chini.

Ingia na boti jua likiwa juu, kati ya saa nne na saa nane, mtu mmoja akiwa amesimama omo, yaani mbele ya boti, na miwani ya jua. Kijani cheupe ni mchanga. Kahawia ni mwamba. Madoa meusi laini mara nyingi ni majani ya bahari, na nanga huteleza juu yake kama kisu kwenye mkeka. Buluu ya wino ni kina kirefu, na pwani ya Mtwara kina hushuka ghafla: unaweza kuwa kwenye mita 8, ukageuka kuzima redio, ukakuta mita 30.

Unatafuta kiraka cha mchanga kando ya mwamba unaotaka kuutembelea. Usitie nanga juu ya matumbawe. Nanga moja inavunja kwa dakika kilichokua kwa miaka mingi. Na ukilijali pato lako zaidi ya matumbawe, basi jua kwamba mnyororo uliozunguka kichwa cha mwamba huna hakika ya kuupata tena.

Zungumza na wavuvi kabla. Waulize madema, yaani mitego ya samaki, yako wapi, nyavu zimetegwa wapi, na mkondo wa mwezi huu unaelekea wapi. Salamu kwanza, shikamoo kwa wazee, swali baadaye. Mzee mmoja wa ngalawa alinionyesha kwa kasia tu mahali pa kutia nanga, na tangu siku hiyo sijapahama.

Ukielekea Msimbati na visiwa vya ghuba ya Mnazi, unaingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kuna ada ya kuingia na utaratibu wake. Malizana na ofisi ya hifadhi kwanza, uulize unaruhusiwa kutia nanga wapi. Na boti iliyotoka nchi nyingine ipite bandarini Mtwara kwa uhamiaji, forodha na afya kabla ya kufikiria mapezi.

Jambo moja la kisheria kwa wote: mtungi ni wa kutazamia. Kuvua kwa mtungi hairuhusiwi na kanuni za uvuvi, hata kama pweza anakuangalia usoni.

## Hatua ya 3: Tia nanga kana kwamba hutakuwepo

Kwa sababu kweli hutakuwepo. Utakuwa chini.

Niliwahi kutia nanga saa nne asubuhi, maji yamepwa. Kipima kina kikasema mita 6. Nikazidisha kwa tano kama nilivyofundishwa, nikaachia mnyororo wa mita 30, nikajisifu. Alasiri nikashuka na mwenzangu, nikamwacha mpwa wangu juu. Maji yalikuwa yamepanda mita 3. Kutoka usawa wa maji hadi omo ya boti yangu ni mita 1. Jumla mita 10. Ule mnyororo wa mita 30 sasa ulikuwa mara tatu tu ya kina, nanga ikawa inavutwa kwenda juu badala ya kulala.

Niliibuka nikakuta boti imeshatembea kama mita 150, inarudi nyuma taratibu kama ng'ombe anayetoka zizini. Mpwa alikuwa jikoni anageuza mandazi. Aliniambia baadaye: "Mjomba, niliona tu nyumba za ufukweni zinapungua, nikajua boti inazunguka." Mandazi yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo hesabu iwe hivi kila mara:

1. Pima kina cha sasa. Kwa kipima kina au kwa uzi wenye risasi, vyote sawa.
2. Ongeza maji yatakayopanda hadi kujaa.
3. Ongeza urefu kutoka majini hadi omo.
4. Zidisha jumla kwa 5 kama ni mnyororo mtupu, kwa 7 kama sehemu kubwa ni kamba.

Kwa mfano wangu: 6 + 3 + 1 = 10. Mnyororo mita 50. Nilikuwa nimepungukiwa na mita 20, na nilikuwa nazo kwenye sanduku.

Shusha nanga taratibu huku boti inarudi nyuma, mnyororo ujinyooshe chini. Ukiumwaga wote mahali pamoja, unarundikana juu ya nanga na kuinasa. Ukishatoa wote, rudisha nyuma kwa injini, polepole kwanza, kisha kwa nguvu ya nusu kwa dakika moja.

Weka kiganja juu ya mnyororo mbele ya omo. Ukisikia unatetemeka na kugongagonga, nanga inakokota. Ukiwa umekaza kimya kama waya wa nguzo, imeshika.

Sasa tafuta alama mbili nchi kavu zinazopangana, moja nyuma ya nyingine: mnazi mbele ya pembe ya nyumba, kwa mfano. Tafuta jozi nyingine upande wa pili, uandike zote mbili daftarini. Boti itazunguka, alama zitasogea kidogo na kurudi. Zikisogea na zisirudi, unakwenda.

Kaa nusu saa kabla ya kuvaa chochote. Chemsha chai. Ukizunguka duara zima, je, kuna mwamba au boti nyingine ndani ya duara hilo? Kama ipo, ng'oa, anza upya. Inachosha, najua.

## Hatua ya 4: Jaza mitungi bila kujaza moshi

Kompresa, yaani mashine ya kujazia hewa, ndogo ya botini ya lita 100 kwa dakika huchukua kama dakika 20 kuutoa mtungi wa lita 12 kwenye bar 50 hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Katika dakika hizo ndipo sumu inapoweza kuingia.

Mashine ya petroli inatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Ikiingia mtungini, kadiri unavyoshuka ndivyo nguvu yake mwilini inavyoongezeka: unaumwa kichwa, unachanganyikiwa, unazimia, na uko mita 18 chini. Mpira wa kuvutia hewa uwe juu na upande upepo unapotokea, moshi uende upande wa pili.

Ujanja wa boti ni kwamba inageuka. Nanga ikishika, kwa kawaida upepo unatoka omo, hivyo mpira unaufunga mbele na kompresa inakaa tezi. Lakini mkondo ukiwa na nguvu kuliko upepo, boti inageukia mkondo na moshi unarudi mbele. Hivyo asiondoke mtu. Mmoja akae hapo, na uzi mwembamba ufungwe kwenye waya wa mlingoti ili auone upepo. Uzi ukigeuka, zima.

Mengine kwa ufupi:

- Badilisha kichujio kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha kompresa. Joto na unyevu wetu unakimaliza mapema, usisubiri siku ya mwisho.
- Toa maji kwenye kompresa kila dakika 10 hadi 15.
- Usipite namba ya bar iliyogongwa kwenye bega la mtungi.
- Jaza taratibu. Mtungi uliojazwa haraka unapata joto, na ukipoa sindano inashuka. Yule wa "mtungi ulikuwa umejaa" aliusoma ukiwa wa moto. Pima tena asubuhi.
- Onja: fungua kidogo, nusa. Harufu ya mafuta au mpira, mwaga wote. Kutokuwa na harufu hakumaanishi ni salama, rudi kwenye habari ya moshi.

Kompresa ya matairi ya gereji isikaribie mdomo wa binadamu. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, ndiyo maana naandika.

Mitungi yenyewe ikaguliwe ndani kila mwaka, na ipimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Tarehe imegongwa begani, isome kabla ya kununua wa mtumba.

## Hatua ya 5: Anayebaki juu hapiki

Lazima mtu abaki. Kama mko wawili tu, azamie mmoja pamoja na mgeni mwenye cheti, au msizamie.

Anayebaki anajua mambo manne: kuwasha mashine ya kidau, kutumia redio, kusoma zile alama mbili, na kuongeza mnyororo. Kidau kinakaa majini tayari, mashine imeshajaribiwa kuwaka. Bendera juu. Kamba ya kuelea imefungwa tezi na dumu lake linaonyesha mkondo unaelekea wapi.

Mwandikie saa mbili: saa ya kuibuka, na saa ya kuanza kutafuta, dakika 10 baadaye. Asiamue mwenyewe akiwa na hofu, saa imeshaamua. Jiko limezimwa. Simu mfukoni.

## Hatua ya 6: Vaa bila kuvunja mgongo

Tezi ya boti ya tanga ni nyembamba, na kusimama hapo na kilo 15 mgongoni huku boti inayumba ni kutafuta kuanguka. Funga mtungi kwenye jaketi, lipulize hewa, lishushe majini kwa kamba. Ingia na mapezi na miwani, uvae huko huko majini ukiwa unaelea. Mkanda wa risasi uvae ukiwa kwenye kidau au ngazi, baada ya kuhakikisha jaketi linaelea.

Kabla ya kulishusha, pumua mara tatu kwenye regyuleta huku unaangalia geji. Sindano ikicheza chini na juu kwa kila pumzi, bomba la mtungi halijafunguka vya kutosha. Jaribu mdomo wa akiba pia. Mkague mwenzako, naye akukague.

## Hatua ya 7: Shuka na mnyororo

Ogeleeni juu hadi omo, mshuke mkifuata mnyororo. Msishuke kutoka tezi. Sawazisha masikio kila mita, kabla hayajauma. Likiuma, panda kidogo. Ukiwa na mafua, leo wewe ndiye wa kubaki juu.

Kazi ya kwanza chini ni kuiangalia nanga. Ukiona ukucha wake umezama mchangani wote na mnyororo umelala chini mita kadhaa kabla ya kuinuka, endelea na safari. Ukiona nanga imelala ubavu, au ncha tu imenasa kwenye jiwe, mbizi imeisha: panda, anza hatua ya 3. Usijaribu kuichimbia kwa mikono. Boti ya tani kadhaa ikivutwa na wimbi, vidole vikiwa kati ya mnyororo na nanga havitoki vizima.

Kisha fanya hesabu ya hewa. Mtungi wa lita 12 kwa bar 200 ni lita 2,400. Acha bar 50 ya akiba, zibaki lita 1,800. Tuseme juu ya maji unatumia lita 20 kwa dakika. Mita 10 unapumua mara mbili yake, lita 40, kwa hiyo una dakika 45. Mita 20 ni mara tatu, lita 60, dakika 30. Mkondo ukikutoa jasho, kata tena nusu. Ndiyo maana hewa "iliisha" mwambani: ilitumika kwa kiwango cha kina na kazi.

Anza kwa kuogelea kuelekea unakotoka mkondo, ukitambaa karibu na chini ambako mkondo ni dhaifu. Ukifika bar 130, geuka. Mkondo utakurudisha. Uwe umeuona mnyororo tena kabla ya bar 90.

Sasa tazama ulichokijia. Nilikaa siku moja mbele ya tundu moja kwa dakika sita nzima: kokoto zilizopangwa mlangoni, jicho moja, na mkono mmoja wa pweza uliokuwa unatoa mchanga nje kidogo kidogo, kama mtu anayefagia kibaraza. Samaki aitwaye taa naye alikuwa amejifukia pembeni, mkia tu unaonekana. Usiguse, usisimame juu ya matumbawe, na mapezi yaangalie yasipige nyuma.

Ukisikia mlipuko, hata wa mbali, mbizi imeisha. Uvuvi wa baruti umepungua lakini sauti husafiri haraka majini na huwezi kujua ilikotoka. Mshike mwenzako, pandeni kwa mwendo wa kawaida. Hofu isikupandishe mbio.

## Hatua ya 8: Panda polepole, na usifukuze boti

Usizuie pumzi hata kidogo. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo mapafuni inatanuka mara mbili. Mwendo usizidi mita 9 kwa dakika. Mita 5, simama dakika 3 ukishika mnyororo.

Hapo hapo mita 5 lipulize boya la chungwa, lipande kabla yako. Mitumbwi ya mashine inapita kasi, na mwenye mashine haangalii chini. Zungusha macho juu, mkono mmoja ukitangulia.

Ukiibukia nyuma ya boti, shika ile kamba ya kuelea ujivute. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiibuka mbali zaidi, usiogelee. Jaza jaketi hewa, inua boya, piga filimbi, kaeni pamoja. Kidau kitakuja, mlikubaliana saa. Aliyetaka kutapika alikuwa na mwenzake juu na kidau majini. Aliona haya kuita.

## Hatua ya 9: Saa za baada

Nanga isivutwe na aliyezamia. Kazi nzito mara baada ya mbizi inachochea vipovu vya naitrojeni, gesi iliyoingia mwilini ulipokuwa unapumua chini. Avute aliyebaki juu, au mlale hapo. Mimi nalala hapo.

Maji baridi ni shida ya kila siku ya botini, kwa hiyo dumu moja la lita 20 lioshe kila kitu kwa mpangilio. Mimina nusu kwenye beseni. Kwanza miwani na kompyuta, kisha regyuleta ikiwa imefunikwa kifuniko chake, bila kubonyeza kitufe cha mdomo, maana ukikibonyeza maji yanaingia ndani. Halafu jaketi, ndani na nje. Suti mwisho, kwa sababu ya mikojo, tusidanganyane. Nusu iliyobaki ni ya kujimwagia, masikio yakiwemo. Yakauke vizuri. Sikio bichi kwenye joto hili linaoza kwa siku mbili.

Kunywa maji kabla hujahisi kiu, kisha kula. Ming'oko na chai ya rangi vinanitosha.

Mwenye tiketi ya ndege ya Mtwara kwenda Dar es Salaam asubiri angalau saa 18, na kama alizamia siku kadhaa mfululizo, saa 24. Basi la Lindi halina tatizo hilo, njia ni ya chini.

Kwa saa 24 mwangalie mwenzako. Maumivu ya viungo, ganzi, upele wa madoa, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida usiusingizie jua, huenda ni vile vipovu. Mlaze chali, mpe oksijeni asilimia 100, maji kama anameza vizuri, mpeleke hospitali ya rufaa, Ligula au ya Kanda ya Kusini, ukisema wazi kwa daktari kwamba ametoka kuzamia na mtungi, kina gani na muda gani. Daftari litasaidia. Usimrudishe majini "akalainike". Nimewasikia wanaoshauri hivyo.

## Hatua ya 10: Usiku

Giza likiingia, zile alama za mchana hazionekani. Kabla ya jua kuzama chagua nyingine mbili zenye taa, ukikumbuka kwamba taa ya nyumba huzimwa watu wakilala. Washa taa ya nanga mlingotini, wavuvi wa usiku wanapita.

Kisha angalia daftari: maji yatageuka saa ngapi? Yakigeuka, boti inazunguka, mnyororo unavutwa upande mpya, na nanga nyingi hung'oka wakati huo. Weka alamu robo saa kabla. Toka nje na tochi, weka kiganja kwenye mnyororo, tazama taa mbili zako. Mnyororo ukiwa kimya na taa zikiwa zimepangana, rudi kitandani.